Kipimo cha kichwa kimetoka safi, mbona ukuta unatembea?

Mhariri,

Gazeti lako huandika mara kwa mara juu ya ajali za bodaboda, na habari hizo kwa kawaida huwagawa walioathirika katika mafungu matatu: waliofariki, waliovunjika, na walioruhusiwa kurudi nyumbani. Mimi ni wa fungu la tatu. Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze yanayoweza kumpata mtu wa fungu hilo akishafika nyumbani, kwa sababu yaliyonipata mimi hayakuandikwa kwenye karatasi niliyopewa hospitali, na kwa muda wa miezi miwili nilidhani ninarukwa na akili.

Mwezi wa Julai mwaka jana nilikuwa abiria wa bodaboda hapa Kigamboni. Pikipiki iliteleza kwenye mchanga uliomwagika barabarani, nikaanguka kwa ubavu, na kichwa kikagonga lami kikiwa ndani ya kofia ya abiria, ile isiyo na kishikizo cha kidevuni ambayo wengi wetu tumewahi kuivaa kwa ajili ya kumridhisha askari tu. Sikuzimia. Niliinuka mwenyewe, nikajipangusa vumbi, hata nauli nikalipa. Hospitali moja ya jijini ilinifanyia kipimo cha CT-Scan, yaani picha ya mionzi ya ndani ya kichwa, daktari akanieleza kwamba hakuna damu iliyovuja wala mfupa uliopasuka, akaandika kuwa nimepata mtikisiko mdogo wa ubongo, akanipa dawa za maumivu na kuniambia nikapumzike.

Siku ya nne nilikuwa nimekaa kibarazani wakati mke wangu akianika nguo. Upepo wa kusi ulikuwa umechachamaa, na kanga mbili zilizokuwa kambani zikaanza kupepea mbele yangu. Pindo lilikimbia kushoto, mji wa kanga ukalifuata, na kabla sijaweza kulisoma jina nilikuwa nimeikumbatia nguzo ya kibaraza kwa mikono yote miwili, jasho jembamba likinitoka, nikihisi nyumba nzima inamwagikia uani. Mke wangu alidhani ni njaa. Nilipofumba macho, nyumba ilitulia. Nilipofumbua, kanga zikaichukua tena.

Tangu siku hiyo niliyajua maadui yangu mmoja mmoja. Pangaboi la sebuleni likizunguka juu ya kichwa changu, nilitoka nje. Vivuli vya makuti ya mnazi vikicheza sakafuni saa za alasiri, nilikunja miguu juu ya kiti kama mtu aliyekimbia maji. Mjukuu wangu akitelezesha video kwenye simu, moja baada ya nyingine, ilinibidi nigeukie ukutani. Katika supamaketi, ambako bidhaa hupangwa kwa rangi na mistari kuanzia sakafuni hadi juu ya kichwa, nilishikilia kitoroli si kwa ajili ya kubebea vitu bali kwa ajili ya kusimama. Mtu akinitazama hakuona kitu, maana sikuwa na bandeji wala plasta, na kichwa hakikuniuma sana. Jirani mmoja alishauri nipime presha, tukapima ikawa sawa. Shemeji yangu akaleta wazo la kisomo. Nilisomewa na ninashukuru, kwani kwa saa nzima nilikaa nimefumba macho na nikajisikia nafuu kubwa, nafuu ambayo sababu yake nyingine nilikuja kuielewa baadaye.

Niliporudi hospitali niliambiwa kwamba picha ilikuwa safi na kwa hiyo sina tatizo. Nikapewa vidonge vya kuzuia kizunguzungu na kusisitiziwa mapumziko. Nilivimeza kwa wiki sita, mapazia yakiwa yamefungwa, na kila nilipotoka nje hali ilikuwa mbaya kuliko wiki iliyotangulia. Simlaumu daktari yule kwa nia. Alikuwa na foleni ya wagonjwa iliyofika mlangoni. Hata hivyo, kauli ya kwamba picha ikiwa safi basi mgonjwa hana ugonjwa ndiyo ninayotaka kuipinga katika barua hii, pamoja na tabia ya kumfungia mgonjwa gizani.

Nilifundisha Fizikia katika shule za sekondari kwa miaka 31. Somo la mwendo wa kitu kimoja ukilinganishwa na kingine nililifundisha kwa Kiingereza, kama mtaala ulivyotaka, kisha nikalieleza upya kwa Kiswahili ili lieleweke, na mfano wangu ulikuwa uleule kila mwaka: umekaa ndani ya basi lililosimama stendi, basi la jirani linaanza kurudi nyuma taratibu, na wewe unaapa kwamba ni lako linalokwenda mbele. Wanafunzi walicheka kwa sababu kila mmoja wao ilishamtokea. Ernst Mach, huyuhuyu ambaye jina lake tunalitumia kupimia kasi ya ndege dhidi ya kasi ya sauti, aliandika kitabu kizima juu ya hisia za mwendo mwaka 1875. Kwa hiyo jambo lenyewe ni la kale na ni la watu wazima wa afya. Kilichokuwa kipya kwangu ni kwamba udanganyifu ambao kwa mwanafunzi hudumu sekunde mbili, kwangu haukukoma.

Mwili haujui umesimama wima kwa kutumia kiungo kimoja. Kuna sikio la ndani, ambalo kila upande lina mifereji mitatu yenye majimaji inayohisi kichwa kikigeuka, pamoja na vifuko viwili vyenye chembe ndogo za chokaa vinavyohisi mwinamo na mwendo wa kwenda mbele au juu. Kuna nyayo, vifundo na misuli ya shingo, ambavyo huuarifu ubongo juu ya sakafu na mkao. Halafu kuna macho. Ubongo hukusanya habari za mashahidi hawa watatu na kuzilinganisha kila wakati, na kazi hiyo huenda haraka mno: kichwa kikigeuka, sikio huyageuza macho upande wa pili ndani ya takriban milisekunde 10, ndiyo maana unaweza kusoma bango la duka huku unatembea bila herufi kurukaruka.

Sasa, kitu kikubwa kinapopita mbele ya macho na kuijaza sehemu kubwa ya upeo wako, jicho huleta taarifa moja inayoweza kuwa na maana mbili: ama kile kinakwenda, ama wewe unakwenda. Jicho peke yake halina uwezo wa kuamua. Ubongo huuliza sikio na nyayo, nazo zikijibu kwamba hakuna aliyesogea, ushahidi wa jicho huwekwa kando. Mwaka 1974 watafiti David Lee na Eric Aronson waliandika juu ya chumba walichokitengeneza, chenye kuta na dari zinazoweza kusogezwa juu ya sakafu iliyotulia. Waliwasimamisha humo watoto wa kati ya miezi 13 na 16, waliokuwa ndiyo kwanza wanajifunza kusimama. Ukuta uliposogezwa kuwaelekea, watoto waliyumba kurudi nyuma, na wengine wakaanguka, ingawa sakafu chini ya nyayo zao haikutikisika hata kidogo. Waliamini macho kuliko miguu. Mtu mzima katika chumba hicho huyumba pia, lakini kidogo, kwa sababu ubongo wake umekwisha jifunza nani wa kumwamini.

Mtikisiko wa ubongo unaweza kuuvuruga ujuzi huo. Ubongo unaposukwasukwa ndani ya fuvu, nyuzi nyembamba za neva huvutwa na kazi yake ya kikemikali huvurugika bila damu kuvuja, na CT-Scan, ambayo ni hodari wa kuona damu na mfupa, haina namna ya kuliona hilo. Sikio la ndani lenyewe linaweza kuumia katika pigo hilohilo, na shingo pia. Ushahidi wa mashahidi wawili ukishaingia mashaka, ubongo humkimbilia wa tatu. Mgonjwa huanza kusimama kwa kutumia macho, na kwa kuwa dunia ya Dar es Salaam haijatulia hata dakika moja, husukwa na kila kinachopita. Mwaka 1995 daktari Adolfo Bronstein wa London aliandika juu ya wagonjwa wa namna hii, ambao wengi wao walikuwa na kasoro ya sikio la ndani na walilalamikia rafu za madukani, umati wa watu na vitu vinavyotembea mbele yao. Nilipoonyeshwa maelezo yao nilicheka peke yangu, maana nilidhani supamaketi ile ilikuwa na uadui nami binafsi.

Aliyenionyesha ni binti mmoja mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ambaye alinisalimu shikamoo, akaniita mwalimu, kisha akanifanyia kipimo kilichonishangaza kwa uchache wa vifaa vyake. Alikuwa na futi ya fundi cherehani, kadi yenye herufi, na simu inayopiga mdundo. Baada ya kuhakikisha kwamba shingo yangu iko salama, aliniambia nisimame miguu ikiachana kidogo, ninyooshe mkono mbele, nikaze macho kwenye kidole gumba changu, halafu nizungushe kichwa, macho, mkono na kiwiliwili kwa pamoja, nyuzi 80 kulia na nyuzi 80 kushoto, mara tano, nikifuata midundo 50 kwa dakika. Kidole hakitembei mbele ya macho, kwa kuwa kinakwenda pamoja nawe; kinachokimbia ni ukuta, dirisha na watu waliokaa kwenye benchi nyuma yake. Kabla ya kuanza, kizunguzungu changu nilikipa alama moja katika kumi. Nilipomaliza kilikuwa saba, na binti yule alikuwa ameshaniwekea kiti.

“Mwalimu,” akasema, “macho yako yanafanya kazi ya masikio. Yamechoka, na wewe umeyafungia gizani ili yasahau kabisa.”

Zoezi hilo la kidole gumba ni sehemu moja tu ya kipimo kilichochapishwa mwaka 2014 na wataalamu wa Pittsburgh, Marekani, ambacho hupima pia namna macho yanavyofuata kitu, yanavyoruka kutoka alama moja hadi nyingine, yanavyokutana kwenye kitu kilicho karibu, na yanavyotulia kichwa kikitikiswa. Baada ya kila hatua mgonjwa hutaja kwa alama kichwa kinavyouma, kizunguzungu, kichefuchefu na ukungu wa akili. Kipimo kizima huchukua dakika chache na hakihitaji umeme. Ninalisisitiza hili kwa sababu kila tunapodai huduma huambiwa kwamba mashine ni ghali.

Tiba nayo ilinishangaza, kwa kuwa ilikuwa kinyume cha kila nilichokuwa nikikifanya. Nilipewa kadi yenye herufi M, nikaibandika ukutani, nikaambiwa niitazame huku nikitikisa kichwa kama anayekataa, kwa nusu dakika, mara kadhaa kwa siku. Ukuta ulikuwa mweupe. Wiki iliyofuata niliambiwa niipachike kadi juu ya kitenge chenye mapambo mengi kupita vyote vilivyomo nyumbani, na mke wangu akanitolea kimoja chenye maduara mekundu na ya njano ambayo hata mtu mzima wa afya huyatazama kwa tahadhari. Kisha zikaja video za mistari myeusi na myeupe inayopita polepole, nikiitazama kwanza nimekaa, halafu nimesimama, halafu nimesimama juu ya kipande cha sponji ili nyayo zisipate raha ya sakafu ngumu. Masharti yalikuwa kwamba kizunguzungu kiruhusiwe kupanda kidogo, lakini kiwe kimeshuka ndani ya robo saa hivi. Kikikawia, nimezidisha, na kipindi kinachofuata nipunguze.

Nyumbani nilizigeuza zile kanga kuwa darasa. Nilikaa hatua 15 kutoka kwenye kamba, nikazitazama kwa dakika moja zikipepea, kesho yake hatua 13, na hivyo hivyo, hadi mwezi wa Novemba nikawa ninasimama karibu nazo na kulisoma jina mwanzo hadi mwisho. Jina lenyewe sitalitaja hapa kwa kuwa lilimlenga mtu wa mtaa huu.

Kinachofanyika ndani ya kichwa wakati huo, kwa kadiri nilivyoelewa, ni sawa na mwanafunzi anayesahihishiwa hesabu. Ubongo hujirekebisha kwa kukutana na makosa yake: jicho linasema tunaanguka, tunakaa sekunde moja, hatujaanguka, na ushahidi wa jicho hupunguziwa uzito. Anayefungiwa gizani hakutani na kosa lolote, kwa hiyo hasahihishwi. Vidonge vya kuzuia kizunguzungu vinasaidia siku za mwanzo ambapo mtu anatapika, lakini vikimezwa wiki baada ya wiki huzififisha taarifa zilezile ambazo ubongo unazihitaji ili ujirekebishe. Timu ya watafiti wa London iliyoongozwa na Marousa Pavlou ilionyesha mwaka 2004 kwamba wagonjwa wa kizunguzungu sugu waliotazamishwa picha zinazotembea pamoja na mazoezi yao walipata nafuu kubwa zaidi katika kero hii ya macho kuliko waliofanya mazoezi peke yake. Wagonjwa wale walikuwa wa maradhi ya sikio la ndani, si wa ajali za pikipiki, na mwenye busara hatachukulia kwamba kila kilichowafaa wao kitamfaa kila aliyeanguka. Lakini ndipo njia niliyopitishwa mimi ilipoanzia.

Isieleweke kwamba ninadharau mapumziko. Wataalamu wa mtikisiko wa ubongo waliokutana Amsterdam mwaka 2022, katika mapendekezo yao yaliyotolewa mwaka uliofuata, walishauri mapumziko ya wastani kwa saa 24 hadi 48 za mwanzo, simu na televisheni zikipunguzwa, kisha mtu aanze kutembea na kufanya shughuli nyepesi, na kwa mwenye kizunguzungu au maumivu ya shingo yanayozidi siku 10 wakapendekeza mazoezi ya msawazo na shingo. Linganisha siku mbili hizo na wiki zangu sita za mapazia. Wengi hupona wenyewe ndani ya wiki chache bila hata kujua majina ya mambo haya, na mtu asiyesumbuliwa hana haja ya kujitafutia ugonjwa kwa kuitumbulia macho kanga ya mkewe.

Tena si kila kizunguzungu baada ya pigo la kichwa ni hiki. Anayezungukwa na chumba kwa sekunde chache tu kila anapojigeuza kitandani, hata gizani, huenda chembe zile za chokaa zimehama mahali pake, na mtaalamu anaweza kuzirudisha kwa kumgeuzageuza kichwa kitandani dakika chache, bila kidonge. Na yule ambaye maumivu ya kichwa yanazidi, anatapika mara kwa mara, anasinzia kupita kawaida, ulimi unakuwa mzito, anapata degedege, mkono au mguu unalegea, au mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine, asisome barua hii hadi mwisho. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Kuna kundi moja linalonitia hofu kuliko mimi mstaafu mwenye kibaraza cha kukalia. Dereva wa bodaboda aliyeanguka Jumatatu hurudi kazini Alhamisi, kwa sababu pikipiki ina hesabu ya kupelekwa kwa tajiri kila siku. Kijana huyo akiwa na hali niliyokuwa nayo, taa za magari usiku, nguzo zinazopita pembeni na wiper ya lori lililo mbele yake wakati wa mvua vinaweza kumyumbisha, na nyuma yake amebeba mama na mtoto. Hatasema, kwanza kwa kuwa hana jina la kuupa ugonjwa wake, pili kwa kuwa akisema atapoteza pikipiki. Nimewauliza vijana watano wa kijiwe cha karibu na kwangu waliowahi kuanguka kama waliwahi kuona barabara inainama. Wawili walitazamana.

Ombi langu kwa wenye dhamana ya hospitali na vituo vya afya ni dogo. Karatasi anayopewa majeruhi wa kichwa iandikwe kwamba kipimo safi hakimaanishi kazi zote za ubongo ziko sawa. Kwamba kuyumba au kusikia kizunguzungu mbele ya vitu vinavyotembea ni dalili inayojulikana wala si wazimu. Kwamba apumzike siku mbili na kisha aanze kutembea. Kwamba asiendeshe chombo hadi dalili hiyo iishe. Na kwamba ikizidi siku 10 atafute huduma ya utengamao, yaani ya kumrudisha mgonjwa katika hali yake kwa mazoezi. Wataalamu wa fiziotherapia tunao, hata kama hawatoshi, lakini wengi wetu tunawafahamu kama watu wa magoti na migongo. Wauza dawa nao wangemuuliza mtu anayerudi mara ya tatu kununua vidonge vya kizunguzungu amevitumia tangu lini.

Mimi sijapona kwa asilimia mia. Katika miezi ile ya mwanzo niliacha pantoni kwa sababu ya maji yanayopita ubavuni, nikawa ninazunguka kwa Daraja la Nyerere, na huko nikakutana na nyaya za daraja zinazopita dirishani moja moja, mwanga, kivuli, mwanga, kivuli, hadi nikamwomba dereva radhi na kuinamisha kichwa magotini. Sasa nimerudi kwenye pantoni. Ninasimama katikati, ninatazama majengo ya Magogoni ambayo hayasogei haraka, na bahari ikichafuka ninatafuta mahali pa kukaa.

Karatasi ile ya hospitali bado ninayo. Ina jina langu, tarehe, dawa za maumivu na mhuri, na upande wake wa nyuma ni mtupu.

Mwalimu mstaafu,
Kigamboni, Dar es Salaam